Kumbukumbu za utoto enzi za Nyayo: nazipangaje kwa tarehe bila kuziharibu?

Kalamu_Kavu aliuliza:

Hamjambo wadau. Nakusanya masimulizi ya watu sita waliozaliwa kati ya 1970 na 1979, kuhusu utoto wao Kenya wakati wa chama kimoja cha KANU, chini ya Rais Moi, aliyeitwa Nyayo. Nina rekodi za saa kumi na moja hivi. Nimekwama pahali patatu.

Tarehe zinagongana. Mmoja anasema asubuhi ya jaribio la mapinduzi alikuwa shuleni, na 1 Agosti 1982 ilikuwa Jumapili. Wa pili anasema baba yake alichukuliwa "mwaka wa mapinduzi, tukila ugali wa njano". Wa tatu anasema mwaka huohuo alichapwa kwa kuinua vidole viwili akiwa paredi.

Majibu ni makavu. Nikiuliza maisha yalikuwaje, najibiwa "tuliogopa sana", kisha kimya.

Na mwisho, yule baba aliyechukuliwa simpati popote. Familia inasema aliwekwa kizuizini kwa mambo ya Mwakenya, lile kundi la siri lililompinga Moi. Nimepekua Gazeti Rasmi la Serikali, 1986 na 1987, na jina lake halimo.

Niwasahihishe, niwaache walivyo, au nifanyeje? Naomba hatua za kufuata. Pole mnazipa bure, nazo ninazo za kutosha.

---

mzee wa mafaili alijibu:

Usimsahihishe mtu, na usiamini tarehe hata moja uliyopewa. Mtoto hahifadhi mwaka. Anahifadhi darasa alilokuwa, nyumba waliyokaa, nani alikuwa mgongoni, na kilichopikwa. Mwaka huja baadaye, mtu mzima akiubandika juu. Na kwa kumbukumbu za enzi hiyo, watu hubandika mwaka mmoja tu: 1982. Ndio mwaka wenye jina, kwa hiyo kila jambo baya la muongo mzima linavutwa kwake. Ukianza na hilo kichwani, nusu ya migongano yako itaisha.

Chukua karatasi kubwa. Chora mistari mitatu iliyolala. Wa juu ni miaka, 1978 hadi 1992. Wa kati ni maisha ya huyo mtu: darasa, shule, kuhama, kuzaliwa kwa wadogo zake, misiba. Wa chini ni matukio ya nchi. Jaza wa kati kwanza, peke yake, bila kugusa siasa. Ukianza na wa chini, msimulizi atajipanga kufuata historia aliyoisoma.

Nguzo bora kwa umri wa watu wako ni mtihani wa kumaliza msingi. CPE ya darasa la saba ilifanywa mara ya mwisho mwisho wa 1983. Waliokuwa la saba 1984 hawakufanya mtihani wa kuhitimu. Walisukumwa darasa la nane, wakawa wa kwanza kufanya KCPE mwaka 1985. Kwa sababu hiyo mwaka 1985 hapakuwa na kidato cha kwanza kipya. Kwa hiyo usiulize "ilikuwa mwaka gani?" Uliza "ulimaliza la saba au la nane?", kisha "wakati huo ulikuwa darasa la ngapi?", halafu hesabu mwenyewe kurudi nyuma. Uliza pia kama alirudia darasa. Kurudia kulikuwa kwa kawaida, na ndiko kunakoharibu hesabu za wengi: unakosea mwaka mzima na hujui.

Nguzo nyingine zisizo na ubishi, chagua zinazomfaa mtu na mahali alipokulia:

Kupatwa kwa jua Jumamosi 16 Februari 1980, kabla ya adhuhuri. Ukanda wa Taita na sehemu za Pwani giza lilikuwa kamili. Kwingine jua lilimegwa tu, kwa hiyo mtu wa mbali akikusimulia giza totoro, weka alama ya kuuliza.

Papa John Paul II alikuja Mei 1980 na tena Agosti 1985. Familia za Kikatoliki huzichanganya ziara hizi mbili, kwa hiyo uliza kama mdogo fulani alikuwa ameshazaliwa.

Sarafu ya shilingi tano yenye pembe saba ilianza 1985. Mtoto aliyetumwa dukani na sarafu hiyo hakutumwa 1983.

Michezo ya Afrika, Kasarani, Agosti 1987.

Kura za mlolongo, Jumatatu 22 Februari 1988. Hapa kuna mtego. Siku hiyo ulikuwa uteuzi wa wagombea wa KANU, ndipo watu walipopanga foleni nyuma ya mgombea au picha yake. Uchaguzi mkuu wenyewe, 21 Machi, ulikuwa wa siri. Anayekumbuka foleni na picha hazungumzii uchaguzi mkuu hata akiuita hivyo. Mlolongo uliendelea kutumika hadi chama kilipoachana nao 1990, kwa hiyo usiufunge kwenye siku ile moja kabla hujauliza nani alikuwa anagombea.

Kifo cha Robert Ouko, waziri wa mambo ya nje, Februari 1990. Alitoweka tarehe 13, mwili ukapatikana tarehe 16.

Saba Saba, maandamano ya kudai vyama vingi, Jumamosi 7 Julai 1990.

Sasa kesi zako.

Vidole viwili ndiyo rahisi kuliko zote. Salamu ya KANU ilikuwa kidole kimoja juu. Vidole viwili vikawa alama ya kudai vyama vingi 1990, vikaenea zaidi 1991 na 1992 na kundi la upinzani la FORD. Mwaka 1982 mtoto kuinua vidole viwili paredi kusingekuwa na maana yoyote kwa mwalimu. Kupigwa kwake hakuna shaka, mwaka ndio umevutwa. Mtafutie mahali kati ya 1990 na 1992, uone kama darasa lake linakubali. Kama alizaliwa 1970 hangekuwa msingi tena, kwa hiyo utalazimika kuuliza upya: alikuwa yeye, au mdogo wake?

Ugali wa njano ni nguzo mbovu, ingawa kila mtu huitaja. Wengi wanamaanisha ukame wa 1984, mahindi ya njano ya kutoka nje yalipojaa. Lakini 1980 pia nchi iliishiwa mahindi ikaagiza, na miaka ya mwanzo ya tisini yalirudi tena. Kwa hiyo "njano" inakupa madirisha matatu. Lisilo ndani ya madirisha hayo ni Agosti 1982. Na kama kweli ni mambo ya Mwakenya, kukamata kwa wingi kulianza 1986. Mahindi na Mwakenya haviingii mwaka mmoja, maana yake kumbukumbu mbili zimeshonwa pamoja. Zifumue: muulize kuhusu ugali peke yake siku moja, na kuhusu kuchukuliwa kwa baba siku nyingine.

Maziwa ya Nyayo, yale ya bure shuleni, nayo usiyategemee. Yalianza 1979 na yakaendelea miaka mingi. Kusema "enzi za maziwa" ni kusema "nilikuwa shule ya msingi", basi.

---

Mpita_Njia alijibu:

Nyongeza fupi kwa yule wa Jumapili. Kabla hujamwekea alama ya kosa, uliza kama alikuwa bwenini. Wa bweni angeweza kweli kuwa shuleni Jumapili. Na kama alikuwa wa kutwa, yawezekana anakumbuka siku iliyofuata au wiki yenyewe, kukiwa na kafyu na watoto wanarudishwa nyumbani. Muulize alikuwa amevaa nini. Sare au nguo za kanisani? Swali hilo moja hufungua mengi.

Angalia pia umri. Katika kundi lako aliyezaliwa 1979 alikuwa na miaka mitatu tu. Kumbukumbu ya kwanza ya watu wengi inaanzia miaka mitatu na nusu hivi, wengine baadaye. Chochote anachokusimulia cha siku ile, kwa uwezekano mkubwa alisimuliwa. Si uongo, ila ni kumbukumbu ya nyumba, si ya macho yake, na inaandikwa hivyo.

---

Bibi Maktaba alijibu:

Mimi nitajibu la majibu makavu, kwa sababu kosa liko kwenye swali lako.

"Maisha yalikuwaje?" ni swali la mtu mzima. Linamtaka msimulizi atoe hukumu, naye anakupa hukumu: tuliogopa. Mtoto wa miaka saba hakuishi ndani ya "ukandamizaji". Aliishi ndani ya nyumba yenye redio ambayo sauti yake ilipunguzwa mgeni akibisha. Uliza vitu.

Anza na mchoro wa nyumba. Mpe penseli na karatasi, achore ramani ya nyumba waliyokaa: mlango, madirisha, kitanda chake, mahali pa redio. Kazi hii huchukua kama dakika ishirini, na usiharakishe. Anapochora, uliza juu ya kile anachokichora. Redio ilikaa juu ya nini? Nani aliruhusiwa kuigusa? Taarifa ya habari ikianza watoto walitakiwa wafanye nini? Mlango ulifungwa na nani usiku, kwa kufuli au kwa gogo? Picha ya rais ilikuwepo, au ilikuwa dukani na shuleni tu? Akifika kwenye mlango uliogongwa usiku, atafika mwenyewe, na atakwambia miguu ya wageni ilikuwa imevaa viatu gani, maana macho ya mtoto yalikuwa huko chini.

Kisha maswali ya makatazo. Hili ndilo eneo tajiri kuliko yote na watu hulipita. Uliza: ni neno gani hukuruhusiwa kulitamka nje ya nyumba? Ni jirani gani hukutakiwa kumjibu akikuuliza baba yuko wapi? Ulifundishwa useme nini badala yake? Wazazi walibadilisha lugha mbele ya nani? Watu wazima walikuwa na sababu za kisheria za kuwanyamazisha watoto. Kuwazia tu kifo cha rais kulihesabiwa uhaini, na Mwanasheria Mkuu Charles Njonjo alilionya taifa hadharani mwaka 1976 kuhusu hilo. Sheria ile haikuondoka Moi alipoingia. Kwa hiyo mtoto aliyeuliza mezani "rais akifa nani atakuwa rais?" aliweza kupigwa kofi ambalo hakulielewa hadi leo. Kofi la aina hiyo, na swali lililolizaa, vina uzito kuliko "tuliogopa" mia moja.

Tumia mdomo na mikono. Yaliyokaririwa kwa sauti hukaa mahali tofauti na yanayosimuliwa. Mwombe asimame akariri kile kiapo cha utii cha paredi, kilichoanza na uaminifu kwa Rais na taifa na kuishia kwenye falsafa ya Nyayo ya amani, upendo na umoja. Kilikuwa cha Kiingereza kigumu, na watoto wa madarasa ya chini walikishika kwa sauti bila maana, kwa hiyo maneno yatatoka yameungana na mengine hayapo katika lugha yoyote. Usimsaidie akikwama. Usimrekebishe. Nakili alivyotamka. Pale alipokwama na pale alipounganisha ni ushahidi wa umri aliokuwa nao alipokishika.

Vivyo hivyo maziwa: mwambie akuonyeshe kwa mikono alivyoifungua ile pakiti ya pembe tatu ya mililita 200. Karibu wote hupeleka mkono mdomoni, kwa sababu kona iling'atwa kwa meno. Mikono ikishaanza, kwa kawaida maneno hufuata: nani aligawa, nani alinyimwa, pakiti tupu ilikanyagwa ilie. Ndipo utakaposikia jambo ambalo vitabu hulisahau, kwamba watoto wengi waliupenda utawala uliowatisha wazazi wao. Maziwa yalikuwa matamu. Kusimama barabarani na vibendera kungoja msafara wa rais kulikuwa siku isiyo na somo la hesabu. Msimulizi anayeona aibu kusema hivyo atakaa kimya, nawe utadhani hana la kusema. Mpe ruhusa mapema: "na ni nini ulichokifurahia?"

Makosa ya kuepuka. Usiseme "mateso", "udikteta", "makachero" kabla yeye hajasema. Neno lako la kwanza litakuwa neno lake hadi mwisho. Usiulize "uliogopa?" kwa sababu hakuna atakayejibu la. Usirudie swali lilelile mara tatu ukitafuta jibu bora, maana mara ya tatu utapata jibu la kukuridhisha. Na kimya chake kihesabu hadi kumi kimoyomoyo kabla ya kusema chochote. Wengi hukivunja wakiwa wamefika nne.

Dakika tisini kwa kikao, zisizidi. Vikao viwili au vitatu kwa mtu, wiki moja katikati. Kikao cha pili ndicho chenye nyama, kwa sababu wiki nzima amekuwa akikumbuka akiosha vyombo.

---

Sauti254 alijibu:

Upande wa mitambo, haraka haraka. Simu inatosha ukiiweka sentimita 30 hadi 40 kutoka mdomoni, juu ya kitambaa kilichokunjwa na si juu ya meza tupu, kwa sababu meza husafirisha kila kikombe kinachowekwa. Weka hali ya ndegeni. Rekodi kwa WAV, kilohezi 48, biti 24. Saa moja ya chaneli moja inakula karibu megabaiti 500, basi hakikisha nafasi ipo kabla hujaketi. Kabla ya swali la kwanza rekodi nusu dakika ya chumba kitupu, itakusaidia kusafisha kelele baadaye. Anza kwa kutaja tarehe, mahali na namba ya msimulizi, si jina.

Nakala tatu: kompyuta, diski ya nje, na moja nje ya nyumba yako. Faili la asili lisikatwe kamwe. Ukikata, kata nakala. Nimeona kazi za watu zikiharibika kwa sababu moja tu, waliondoa "ukimya mrefu" ili faili liwe dogo, wakaondoa ushahidi.

---

mzee wa mafaili alijibu tena:

Nilisahau la yule baba asiyeonekana kwenye Gazeti Rasmi. Hapa watu wengi hupotea kwa kuchanganya njia mbili ambazo serikali ilizitumia.

Njia ya kwanza ni kizuizini bila kufunguliwa mashtaka, chini ya Sheria ya Kuhifadhi Usalama wa Umma. Katiba ya wakati huo ilitaka tangazo litolewe kwenye Gazeti Rasmi ndani ya siku 14 tangu mtu kuwekwa kizuizini. Hao utawaona kwa majina. Kumbuka gazeti hilo hutoka Ijumaa, lakini kuna matoleo maalumu ya siku nyingine, na anayepekua za Ijumaa peke yake huzikosa.

Njia ya pili ni mahakama, na wengi wa kesi za Mwakenya walipitia huku. Walishikiliwa kwanza, mara nyingi vyumba vya chini vya Nyayo House, jengo la serikali Nairobi, siku nyingi kupita zile zilizoruhusiwa na sheria. Kisha wakafikishwa kortini ghafla, wengine baada ya saa za kazi, bila wakili, wakakiri makosa na kufungwa papo hapo. Mashtaka yalikuwa kama kuwa na machapisho ya uchochezi, kula kiapo kisicho halali, au kujua kosa na kutoliripoti. Mtu wa namna hii ni mfungwa aliyehukumiwa. Hayumo kwenye Gazeti Rasmi hata familia ikisema "kizuizini" maisha yake yote, kwa sababu nyumbani neno hilo lilibeba kila kitu.

Kwa hiyo fanya hivi. Uliza familia kama kulikuwa na kifungo cha miaka fulani au kama hakukuwa na mwisho uliotajwa. Kifungo chenye mwisho ni mahakama. Uliza alifungwa wapi na kama walimtembelea. Kisha nenda kwenye magazeti ya wiki hizo, ambayo yaliripoti hukumu nyingi kwa sababu serikali ilitaka zisikike. Maktaba ya McMillan, Banda Street, Nairobi, ina magazeti ya zamani. Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, Moi Avenue, ina majalada ya serikali, na kanuni ya jumla ni kufunguliwa baada ya miaka 30, ingawa faili za usalama usizitegemee sana. Gazeti Rasmi na Hansadi (kumbukumbu za Bunge) vimepigwa picha na vinapatikana mtandaoni, lakini utafutaji wa jina hukosa kwa sababu ya tahajia. Jaribu jina kwa namna nne au tano, na jina la tatu peke yake, kisha pekua kwa macho wiki mbili kabla na mbili baada.

Kuna pengo linalowasumbua watoto wa watu hao. Siku ya kuchukuliwa nyumbani haiandikwi popote. Kilichoandikwa ni siku ya korti au ya tangazo. Kati yake kuna wiki ambazo familia haikujua yuko wapi. Mtoto akisema "alipotea mvua zikianza" na gazeti likasema alihukumiwa mwezi mmoja baadaye, hawapingani hata kidogo. Mtoto ndiye hati pekee ya siku ile.

Na msomaji wa magazeti asidhani kwamba lisiloandikwa halikutokea. Kenya Times lilikuwa la chama tangu 1983, na yale mengine yalijichuja yenyewe. Jarida la Beyond lilipigwa marufuku baada ya kuandika kuhusu uchaguzi wa 1988. Mauaji ya uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, Februari 1984, serikali ilitaja watu 57, idadi ambayo manusura hawakuikubali hata siku moja. Kwa matukio ya namna hiyo soma ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya 2013. Tume ilisikiliza watoto na watu wazima, na juzuu zake zinapatikana bure mtandaoni. Lakini isome baada ya kikao, si kabla. Ukiwa nayo kichwani utaanza kuuliza maswali ya tume.

---

Mpita_Njia alijibu tena:

Mkuu, kuna moja la kuongeza kwenye jedwali lako. Karibu kila mtu husema "niliona kwenye televisheni" kuhusu 1982. Kituo kilikuwa kimoja, Sauti ya Kenya, na nyumba nyingi hazikuwa na televisheni kabisa. Picha za wanajeshi barabarani wengi wameziona miaka ya baadaye kwenye vipindi vya kumbukumbu. Redio ndiyo ya kuulizia: sauti ya mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, ambaye wanajeshi waasi walimtoa nyumbani wakamlazimisha kutangaza. Watoto waliijua sauti ile kutoka vipindi vyake vingine, ndiyo maana iliwatisha. Ila na hapo uliza, "uliisikia siku ile, au uliisikia ikirudiwa?"

Mtu akikuapia kwamba anakumbuka barabara, usimpinge wala usimchukue neno kwa neno. Watafiti Ulric Neisser na Nicole Harsch waliwaandikisha wanafunzi Marekani asubuhi baada ya chombo cha anga cha Challenger kulipuka, Januari 1986, jinsi kila mmoja alivyopata habari. Baada ya kama miaka miwili na nusu wakawauliza tena. Karibu robo walikosea kila jambo kuu, na wengi walikuwa na uhakika kamili. Uhakika hauonyeshi ukweli.

---

Bibi Maktaba alijibu tena:

Nakubali, ila tusimgeuze msimulizi kuwa mshtakiwa. Ndiyo maana mimi hutumia safu nne kwenye kila ukurasa wa nakala: aliona mwenyewe, alisikia wakati ule, aliambiwa baadaye, alisoma au kutazama. Kila sentensi inawekewa herufi moja. Hesabu safu ya tatu. Kwa waliozaliwa mwisho wa sabini mara nyingi ndiyo ndefu kuliko zote, na hilo lenyewe ni habari: linaonyesha ni lini familia ilianza kusema. Uliza kila mara, "na hili ulilijua lini?" Wapo walioambiwa sababu ya baba kutokuwepo baada ya Desemba 1991, kifungu cha 2A cha Katiba, kilichoruhusu chama kimoja tu, kilipofutwa, si kabla. Hadi hapo walijua baba "yuko safarini".

Hapo hapo tahadhari. Sentensi ya "jirani fulani ndiye alimchongea baba" inatoka karibu kila nyumba, na karibu kila mara ni ya safu ya tatu. Mtoto hakuona uchongezi, aliona mama yake akiacha kuazima chumvi kwa jirani yule. Andika chumvi. Jina la jirani liondoe kwenye nakala ya kusomwa na watu, kwa sababu ana watoto na wajukuu, na hana nafasi ya kujibu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakutaka uwe na ridhaa ya msimulizi, lakini ridhaa yake haimfungi aliyetajwa. Fomu yako iwe na vipengele vitatu tofauti vya kutiwa sahihi: kurekodi, kuhifadhi, kuchapisha. Mtu aweze kukubali kimoja na kukataa kingine, na kubadili nia.

Akianza kulia, zima? Hapana. Muulize yeye: nizime au niache? Wengine hukataa isizimwe. Usimalizie kikao kwenye usiku wa kuchukuliwa. Rudi kwenye ramani ya nyumba, uliza nani alilala karibu na dirisha, mle mandazi, kisha uondoke.

---

Kalamu_Kavu alijibu:

Shukrani wote. Nimemrudia yule wa Jumapili kwa simu na swali la nguo. Alikaa kimya, nikahesabu, nikafika saba. Akasema sare, na sweta mkononi kwa sababu lilikuwa limelowa, na hakuwa bwenini. Basi ni siku ya shule, siku ya mvua, na si Agosti 1. Nimeliweka safu ya kwanza bila mwaka, hadi nijue alikuwa darasa la ngapi.

Wa vidole viwili amezaliwa 1978. Mwaka 1990 alikuwa na miaka kumi na miwili. Inaingia.

Na mama wa yule mwingine amesema kifungo kilikuwa cha miaka minne, na kwamba walimtembelea gereza la Kamiti mara mbili. Kumbe ni korti. Jumatatu nakwenda Banda Street na majina yote matatu, kwa tahajia tano.